Huu Mshono ni wa Nani?

Kichwa cha modeli ya T-34-85, kifaru cha Kisovieti cha Vita vya Pili vya Dunia, kimelala kiganjani: ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga, rangi yake kama maziwa yaliyotiwa maji. Ni kizito kuliko unavyotarajia kwa kitu kinachoingia kwenye kikombe cha kahawa. Msasa namba 400 umeshakatwa vipande vidogo, maji yako kwenye kisosi. Ubavuni, kutoka shavu la mbele hadi kisogoni, unapita mstari ulioinuka kidogo. Unausikia kwa kidole kabla hujauona.

Mkono unakwenda kuusugua. Kila aliyewahi kuunganisha modeli ya plastiki anajua kwamba mshono huondolewa. Ndilo somo la kwanza kabisa.

Halafu mkono unasita.

Maana kifaru chenyewe, kile cha tani 32, kilikuwa na mshono ubavuni vilevile.

Swali hilo limening'ang'ania kwa wiki kadhaa. Mshono huu ni wa fundi aliyemimina resini (plastiki ya maji inayoganda ndani ya kalibu) juzijuzi, au ni wa wafanyakazi wa kiwanda cha vifaru cha Nizhny Tagil, Urusi, waliomimina chuma mwaka 1944? Kidole hakiwezi kutofautisha. Msasa ndiyo kabisa, hauna hata habari.

## Ndugu wawili wa kalibu

Karibu kila kitu kwenye modeli ya kifaru kimetengenezwa kwa njia isiyohusiana na ile ya kifaru halisi. Bamba la mbele la T-34 lilipitishwa kwenye roli. Ndani ya kasha la modeli ni plastiki iliyosukumwa kwa shinikizo kwenye kalibu ya chuma. Mtutu wa mzinga ulichongwa na kutobolewa kwa mashine. Ndani ya kasha mara nyingi ni nusu mbili za kugundisha.

Kichwa cha resini hakimo kwenye kundi hilo. Kichwa halisi kilisubiwa: kielelezo (umbo la kwanza linalonakiliwa), kalibu ya mchanga, chuma cha moto kikamiminwa, kikapoa, mchanga ukabomolewa, mabaki ya mfereji wa kumiminia yakakatwa. Na kichwa cha resini kilisubiwa vilevile: kielelezo, kalibu ya silikoni, vimiminika viwili (polioli na isosayanati) vikachanganywa na kumiminwa ndani ya dakika chache kabla havijaganda, kisha kikang'olewa na shina lake likaachwa hapo chini ili mnunuzi ajikatie mwenyewe.

Ndiyo maana magonjwa yao ni yaleyale. Mapovu. Utandu mahali kalibu zinapokutana. Nusu mbili zilizokaa upogo. Kusinyaa wakati wa kupoa. Chunjua mahali ukuta wa kalibu ulipomeguka: kwenye mchanga humeguka mara moja, kwenye silikoni huanza kuchanika baada ya kumiminiwa makumi ya mara.

Tatizo ni kwamba nusu ya magonjwa hayo umeyalipia. Ndiyo hasa uliyoyanunua.

## Kalipa kwanza

Kabla ya kubishana juu ya mshono, kuna jambo lisilobishaniwa: vipimo, na kalipa, kifaa cha kupimia unene na kipenyo, ndiyo ya kuvichukua. T-34-85 ilikuwa na tundu la kichwa lenye kipenyo cha milimita 1600, wakati T-34 ya mzinga wa milimita 76 ilikuwa na 1420. Kwa kipimo cha 1/35, yaani modeli iliyo ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, hiyo ni milimita 45.7 na 40.6. Gurudumu lilikuwa na kipenyo cha 830, yaani 23.7. Mnyororo ulikuwa na upana wa 500, yaani 14.3. Namba hizi nne ziandikwe kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa juu ya meza.

Resini husinyaa inapoganda, na silikoni nayo husinyaa kidogo kadiri inavyokaa. Upungufu wa asilimia 1 unasikika kama mzaha. Kwenye duara la 45.7 ni karibu nusu milimita, yaani robo milimita kila upande, na kichwa kinaanza kucheza kwenye tundu lake kama mfuniko usio wa sufuria ile. Dawa yake ni rahisi: ukanda wa karatasi ya plastiki ya unene wa milimita 0.25 unaviringishwa kwenye duara la chini na kugundishwa, kisha unasuguliwa mpaka kichwa kizunguke bila kulegea.

Minyororo ndiyo inayoumbua. Pingili moja ya T-34 ina urefu wa milimita 172, yaani 4.91 kwa kipimo cha 1/35, na upande mmoja wa kifaru unavaa pingili 72. Jumla ni milimita 354. Asilimia 1 ikipotea, kila pingili imepungukiwa na milimita 0.05 tu, huwezi kuiona hata kwa lenzi. Lakini ukifika mwisho umekosa milimita 3.5. Ukiongeza pingili moja kufidia, urefu unatosha, ila gurudumu la nyuma linalovuta mnyororo halitashika tena meno mahali pake. Hapo hakuna dawa isipokuwa kununua na gurudumu la kuvuta kutoka kwa mtengenezaji yuleyule.

Kwa magurudumu, kanuni ni moja: usichanganye ya resini na ya plastiki upande mmoja kabla ya kuyapima yote. Tofauti ya milimita 0.24 inatosha kuliacha gurudumu moja likielea juu ya mnyororo. (Kiwandani walichanganya, ndiyo. Mpira ulipoadimika, vifaru vingi vilitoka na magurudumu ya mpira mbele na nyuma, na ya chuma katikati. Lakini yote yaligusa ardhi.)

## Shina

Sehemu nyingi za resini huharibikia hapa, wala si kwenye rangi.

Shina la kumiminia hukaa chini ya kichwa, na fundi mwenye haraka hulikata kwa msumeno mahali hasa linapokutana na kichwa. Msumeno wa wembe una unene wake, nao huyumba. Kata nusu milimita ndani ya shina, si kwenye kichwa. Chora mstari wa penseli kuzunguka pande zote kwa kimo kimoja, na ukate kidogo kidogo ukigeuza kipande, usipitilize kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kilichobaki kisuguliwe juu ya kioo: msasa namba 240 umelazwa juu ya kioo, matone ya maji, mkono ukizungusha kwa umbo la namba nane. Kila baada ya mizunguko mitano geuza kichwa robo duara, maana mkono wa kulia hukandamiza upande wake kila mara bila wewe kujua. Mstari wa penseli ukianza kufutika upande mmoja kabla ya mwingine, umeshaanza kwenda mrama.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Chuma cha ubavu wa mwili wa T-34 kilikuwa na unene wa milimita 45, ambayo hapa ni 1.3. Ukisugua nusu milimita zaidi umeshusha kichwa kwa zaidi ya theluthi ya unene huo. Kifaru kinaonekana kama kimeinamisha shingo, na mtazamaji hatajua ni nini kinachomkera.

Maji kwenye msasa hayapo kwa ajili ya ulaini pekee. Unga wa resini ni mwepesi, huelea, na haufai mapafuni. Sugua ukiwa umelowa, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, na futa meza kwa kitambaa chenye maji, usifagie.

Kipande kilichopinda, kwa mfano bamba la matope au sanduku refu la vifaa, kinatumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika moja, kinalazwa juu ya kioo na kukandamizwa kwa kitu bapa, kisha maji baridi. Mara nyingi resini hukumbuka umbo la kalibu na kurudi yenyewe. Sababu hiyohiyo inakataza kuacha kasha ndani ya gari mchana wa Dar es Salaam au Mombasa: litakumbuka umbo la kiti.

Sehemu inayonata hata baada ya kuoshwa haiponi. Ilichanganywa vibaya, kimiminika kimoja kilizidi, na siku haziwezi kuisaidia. Rangi haitashika. Irudishwe au itupwe.

## Mshono unasema kweli ukiulizwa vizuri

Sasa turudi ubavuni.

Swali la kwanza ni jinsi kipande kilivyomiminwa. Geuza kichwa uangalie shina lilikuwa wapi na ndani pakoje. Kichwa kilicho wazi chini mara nyingi humiminwa kichwa chini kwenye kalibu ya kipande kimoja: silikoni ni laini kiasi cha kuvutwa na kuvuliwa kama soksi. Kalibu ya kipande kimoja haina mahali pa kukutana.

Haina mshono.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Ikiwa kalibu haikuwa na mshono, basi kila mstari unaouona uliwekwa na aliyechonga kielelezo, kwa makusudi, pengine kwa uzi wa plastiki ulioyeyushwa na kukwanguliwa kwa masaa. Msasa wako ungefuta kazi yake ya wiki nzima kwa dakika mbili, tena ukijipongeza kwa usafi.

Ila si kila kalibu ya kipande kimoja haina kovu. Baadhi huchanwa kwa kisu upande mmoja ili kielelezo kitoke. Kovu la kisu linajulikana: ni jembamba kama unywele, linayumba kama mchoro wa mtoto, na kwa kawaida hushuka wima kutoka juu hadi chini. Hilo lifute bila huruma.

Pili, angalia mstari unavuka nini. Kichwa halisi kilisubiwa kwanza. Vishikio vya askari, ndoano na vitu vingine vya kuchomelea vilikuja baadaye. Mshono wa mchanga kwa hiyo hupita chini ya vitu hivyo. Mstari unaopanda juu ya kishikio, ukakipita na kuteremka upande wa pili, hauwezi kuwa wa 1944.

Tatu, paa. Paa la kichwa cha T-34-85 lilikuwa bamba lililopitishwa kwenye roli na kuchomelewa juu ya umbo lililosubiwa. Bamba la roli ni laini na halina mshono wa kalibu. Ukiona chembechembe za mchanga juu ya paa zinazofanana na za ubavuni, aliyechonga kielelezo alinogewa na brashi. Paa lisuguliwe kwa namba 600 mpaka litulie, ukiacha alama ya kuchomelea inayolizunguka.

Nne, sura ya mstari wenyewe, na huu ndio ushahidi ninaouamini kuliko mwingine wote. Mshono wa silikoni una kimo kimoja mwanzo hadi mwisho, kama uzi ulionyooshwa, au ni kingazi kidogo mahali nusu moja ilipokaa juu ya nyingine. Mshono wa kiwandani ni mchafu. Mahali pengine ni mpana, mahali pengine umekatwa kwa moto ukaacha makovu, mahali pengine umepotea kwa urefu wa kiganja kisha ukarudi. Wenye upana wa sentimita 1 kwenye kifaru halisi unakuwa milimita 0.3 hapa. Mtu aliyechonga kielelezo kwa kutazama picha huiga uchafu huo. Kalibu haijui kuchafuka kwa namna hiyo.

Na picha ni lazima. T-34-85 ilitoka kwenye viwanda vitatu: Kiwanda 183 cha Nizhny Tagil, Kiwanda 112 cha Gorky na Kiwanda 174 cha Omsk, na kalibu zao hazikufanana. Baada ya vita, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Poland na Chekoslovakia nazo zilianza kuitengeneza kwa kalibu zao. Kwa hiyo anayeunda T-34-85 iliyofika Somalia au Angola asichukue tu kichwa cha Tagil cha 1944 kwa sababu ndicho kilichokuwapo dukani.

Picha za makumbusho zitumike kwa tahadhari. Vifaru vingi vilivyobaki vilipitia karakana baada ya vita, na dalili ya haraka ni magurudumu yenye mbavu nene kama samaki nyota, ambayo ni ya miaka ya baadaye. Kichwa chenyewe kwa kawaida hakikubadilishwa, lakini rangi nene za miongo mingi huziba mshono mpaka unaonekana mdogo kuliko ulivyokuwa. Picha bora ni za vita vyenyewe, zilizopigwa jua likiwa chini, mwanga ukiparaza ubavu.

## Kazi waliyoambiwa waiache

Kwa nini mshono ule ulibaki?

Vuli ya 1941 kiwanda cha Kharkiv kilipakiwa kwenye treni na kupelekwa Urals, na huko Nizhny Tagil kikaanza upya na wafanyakazi ambao wengi hawakuwahi kugusa chuma. Wakati huo kila hatua isiyozuia risasi ilipunguzwa au kufutwa. Mshono kwenye ubavu wa kichwa haupunguzi unene wa chuma. Hauzuii mzinga kuzunguka. Kuusugua kungekula saa za mtu na jiwe la kunolea, basi ukaachwa.

Kwa hiyo anayeufuta kwenye modeli anamaliza kazi ambayo kiwanda kiliamua kwa makusudi kutoimaliza. Kifaru chake kitapendeza zaidi. Kitakuwa kifaru cha wakati wa amani.

Sisemi hivyo kumtisha mtu. Kuna waundaji wazuri sana wanaosugua kila kitu kwa sababu macho yao yanataka hivyo, na modeli zao zinavutia. Ila wasiseme wamefuata kifaru halisi.

Kanuni haiendi upande mmoja tu, na mfano wake ni kichwa cha UZTM, kiwanda cha mashine nzito cha Urals. Huko Sverdlovsk, kuanzia 1942, baadhi ya vichwa vya T-34 ya milimita 76 havikusubiwa kabisa: bamba la milimita 45 lilibanwa na mashine ya nguvu ya tani 10,000 likatoka na umbo la bakuli lililogeuzwa. Kona zake ni za mviringo, ngozi yake laini. Mstari wowote ubavuni, chembe yoyote ya mchanga, ni kosa la mtengenezaji wa modeli. Hapo sugua usiku kucha, na sitakuzuia.

Ni sura ileile ya resini, kasha lileile, na jibu ni kinyume kabisa. Anayetaka kuunda Type 59, kifaru cha Kichina, kama zile za JWTZ atakutana na mseto: kichwa cha kusubu chenye umbo la kuba, na paa la mabamba mawili ya nusu duara yaliyochomelewa. Chembe ubavuni, ulaini juu.

## Mita kumi na nusu

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza. Kumbe bado kuna shaka moja, na ni mbaya kuliko ya kwanza.

Modeli hutazamwa kutoka umbali wa sentimita 30 hivi. Zidisha kwa 35: ni mita 10.5. Ukisimama mita kumi na nusu kutoka kwenye kifaru halisi, unaona nini? Mshono, ndiyo. Makovu ya mahali mfereji ulipokatwa, ndiyo. Chembe za mchanga, hapana. Chembe ya nusu milimita kwenye kipimo hiki ni milimita 0.014, na praima (rangi ya msingi) peke yake ina unene zaidi ya huo.

Lakini vichwa vingi vya resini vina chembe zinazoonekana wazi kutoka upande wa pili wa meza. Uvimbe wa milimita 0.14, unene wa nywele mbili hivi, ni uvimbe wa milimita 5 kwenye chuma. Ngozi nzima ya vimbe kama hizo ni ngozi ya chungwa, si ya chuma.

Ndiyo kusema kipande kinaweza kuwa na mshono wa kweli na ngozi ya uongo kwa pamoja. Mtengenezaji anajua kwamba mnunuzi analipia kitu anachokiona kwenye picha ya kasha. Ngozi laini ya kweli ingeonekana kama haina kitu.

Njia ninayoipendelea ni hii: msasa namba 600 uliolowa, umezungushiwa sifongo laini ili usikwangue mabonde, pita mara mbili au tatu juu ya ngozi yote ukikwepa mshono. Vilele vinashuka, mabonde yanabaki. Simama mapema kuliko moyo unavyotaka. Kisha nyunyiza praima ya kijivu, tabaka jembamba, uangalie tena. Resini ya rangi ya maziwa huficha kila kitu, kijivu hufichua. Kwa mara ya kwanza utaona vitundu vya ncha ya sindano ambavyo ungeapa havikuwepo.

## Gundi isiyoyeyusha

Vitundu hivyo huzibwa kwa tone la gundi ya supaglu lililochanganywa na poda ya mtoto, likawekwa kwa ncha ya sindano. Sugua ndani ya nusu saa. Ukilala nayo, asubuhi itakuwa ngumu kuliko resini inayoizunguka, na msasa utachimba mtaro pande zote huku kiraka kikibaki kama kisiwa.

Ukishaziba, kiraka ni laini na ngozi ni ya chembe. Kwenye plastiki ungepaka gundi ya plastiki na kuidonoa kwa brashi ngumu, maana gundi ile huyeyusha juu. Kwenye resini haiyeyushi kitu. Inakauka tu na kuacha utelezi. Hii ndiyo hasara ambayo matangazo hayaitaji. Badala yake, chukua puti ya modeli, ilegeze kwa thina mpaka iwe kama uji mwepesi, donoa kwa brashi kuukuu iliyokatwa nywele fupi, subiri ikauke, kisha pita na msasa mara moja. Mr. Surfacer 500, praima nzito ya modeli, inafanya kazi hiyo bila kulegezwa.

Kwa kugundisha kichwa cha resini kizima kwenye duara la plastiki, supaglu ina kasi mno. Inahitaji unyevu wa hewa ili ishike, na pwani unyevu haujawahi kukosekana: sekunde tatu, na kimeganda upogo. Tumia epoksi ya dakika tano, uwe na nafasi ya kusogeza. Vitu vizito vinavyoning'inia, kama sanduku la ubavuni au ngao ya mzinga, vipate pini: tundu la milimita 0.5 kwa keekee ya mkono pande zote mbili, kipande cha waya wa shaba, ndipo gundi. Supaglu hustahimili kuvutwa lakini kipigo cha ubavuni huiachisha.

Mvuke wake pia huacha ukungu mweupe kwenye chombo kilichofungwa. Usifunike modeli kwa bakuli usiku uleule uliogundisha.

## Nakala ya nakala

Kuna mshono wa tatu ambao si wa kiwanda wala wa mtengenezaji halali. Mtu hununua kichwa kizuri cha resini, anakifanya kielelezo, anamwagia silikoni, anauza nakala kwa nusu bei. Anafuta jina, lakini dalili haziwezi kufutwa. Kuna kovu la kisu lililolala juu ya mshono wa zamani. Vichwa vya bolti vimelegea kama sabuni iliyotumika. Mapovu ya nakala ya kwanza, ambayo sasa yamesubiwa kama sehemu ya umbo, yana mapovu mapya pembeni yake.

Na kalipa husema yote. Kila kizazi husinyaa tena. Kichwa kilichopaswa kuwa na duara la 45.7 kikipima 44.9 hakijafika hapo kwa hatua moja.

Sehemu zinazochapwa kwa printa ya 3D, tabaka juu ya tabaka, zimekuja na ugonjwa wake. Tabaka la milimita 0.05 ni milimita 1.75 kwenye kifaru halisi, na kwenye mteremko wa paa hujipanga kama mistari ya ramani ya mlima. Ubavuni, kwenye ukuta ulio karibu wima, haionekani. Basi printa inafanya vizuri pale ambapo kiwanda kilifanya vibaya, na vibaya pale ambapo kiwanda kilikuwa na bamba laini. Paa ndilo la kusugua, na hapo hakuna shaka mistari ni ya nani.

## Uvimbe

Kichwa kilichoanzisha haya yote kimeshakaguliwa. Kalibu yake ilikuwa ya kipande kimoja. Mshono wa ubavuni unapita chini ya vishikio, unapanuka karibu na shavu, unapotea kwa milimita nne, unarudi. Umebaki. Paa limesuguliwa. Kovu moja la kisu kisogoni limefutwa, na ngozi imeshushwa kwa namba 600, mipito miwili.

Kimebaki kitu kimoja. Upande wa kushoto, nyuma ya tundu la bastola, kuna uvimbe wa duara, karibu milimita moja kwa upana. Unaweza kuwa kisiki cha mfereji ambacho kiwanda hakikukikata vizuri. Unaweza kuwa povu lililopasukia upande wa pili, ndani ya silikoni, likaacha chunjua. Kwenye picha tatu nilizo nazo za upande huo, mahali hapo pamekaa askari.

Umezungushiwa penseli. Praima ni Jumamosi.